Kabla ya Nyundo

Simu ya Bi Mwatime hufa saa nane usiku
kisha hufufuka yenyewe, bila kuguswa,
kioo kikang'aa kama uso wa mtu aliyetoka kuoga.
Kaileta kwangu Chake, kibandani nyuma ya soko,
kaifunga kitambaani kama anayeleta kuku mgonjwa.
"Sikubofya kitu," ananiambia kabla sijauliza.
"Wallahi, sikubofya."

Najua, Bi Mwatime.
Jana usiku niliichomeka waya nikasoma
yale maneno simu inayojisemea peke yake,
na nilipofika mstari wa mia nne na kumi na mbili
nikamkumbuka ami yangu Shaame, seremala wa Wete.

Zama zile samadari haikupanda meli ikiwa nzima.
Ilifunguliwa Unguja: matendegu manne, mifumbati,
vitakizo, besera, vigingi ndani ya soksi kuukuu,
vyote vikafungwa kwa kamba ya usumba, na karatasi juu:
hiki kwanza, hiki cha pili, hapa piga nyundo.
Ami hakuwa mtu wa kuuliza.
Karatasi ikisema, mkono unatenda.
Siku moja akaunga, akaunga, hata adhuhuri ikampita,
akarudi nyuma hatua tatu ajipongeze.
Imesimama ngazi.
Ngazi, mwanawane! Imeegemea ukuta wa Mzee Faki,
kipandio cha juu kinagusa dirisha la bohari.
"Hiki si kitanda!" akapiga kelele,
na kelele ile ilikuwa ya kweli,
na ilikuwa imechelewa.

Ndani ya simu ndivyo vilivyo.
Kitu hakipiti mlangoni kikiwa kizima:
programu hukivunja, hukifunga, hukituma moyoni,
na moyo wa simu, uliokabidhiwa funguo zote,
hufungua furushi na kuunda upya
chochote ambacho furushi linajiita.
Huunda kwanza.
Huuliza baadaye.
"Sicho nilichoagiza," husema, na kukitupa jalalani,
nawe ukadhani yamekwisha.

Hayajesha. Humo kila kinachokufa kina wosia,
na mfagiaji hapiti bila kuusoma.
Wa kitu kile ulikuwa mfupi:
nenda nyumba nambari fulani,
bomoa,
kisha mpishe mgeni.
Mfagiaji hana kosa. Wosia wa maiti hautenguliwi.
Akachukua ufagio wake, akaenda.

"Sasa nani kaniingilia?" auliza Bi Mwatime.
Humo mna picha za harusi ya mwanawe,
mna nambari ya siri ya pesa za karafuu.
Namwambia: hakuna aliyeingia.
Vimeingia vipande.
Mtu tumemuunda wenyewe, ndani.
Ananyamaza. Anavuta pindo la kanga,
anaifunika simu.

Baada ya ile ngazi ami alibadilika.
Furushi likishuka gatini hulifungua palepale juani,
akahesabu kwa orodha yake mwenyewe,
si ile iliyokuja nalo.
Kipande asichokijua kilibaki kando, mchangani,
na nyundo bado imo kikapuni.
Wachukuzi wakamcheka: "Shaame kawa forodha!"
Akawaacha wacheke. Tendegu moja. Tendegu la pili.

Dawa ya simu ni hiyo hiyo, na walioiunda wameshaiandika:
toleo jipya, megabaiti mia mbili na tisa,
mtandao wa Chake ukiridhia.
Tunakaa. Asilimia sita.
Bi Mwatime anamenya chungwa, ananipa nusu.
Asilimia tisa.

Na toleo lenyewe, naliona,
linakuja vipande vipande,
na karatasi juu.
Nafuta mikono maji ya chungwa,
nainama kuutazama muhuri.